Uliza Bei ya Kioo Kabla ya Bei ya Simu: Kununua Simu ya Mtumba Mwanza na Kupata Waranti Inayoshika

Simu iliyotumika ina bei mbili. Ya kwanza utaisikia mara tu ukiinyanyua kutoka kwenye meza ya muuzaji. Ya pili ni ile utakayomlipa fundi miezi michache baadaye, na hiyo hakuna anayekutajia usipouliza. Hapa Mwanza watu wanapatana kwa nguvu zote kwenye bei ya kwanza, wanapunguziwa elfu kumi au ishirini, wanaondoka wamefurahi. Kioo kikipasuka ndipo wanagundua kwamba kioo hicho kinakaribia nusu ya bei ya simu nzima, na kwamba ile "waranti ipo, usijali" ilikuwa maneno tu.

Kwa hiyo mwongozo huu unageuza mpangilio. Tunaanza kwa fundi, tunakuja kwa muuzaji, tunaandikishana waranti, halafu ndipo hela inatoka mfukoni.

Hatua ya 1: Pita kwa fundi kwanza

Chagua modeli mbili au tatu unazoweza kuzimudu. Kabla hujaziulizia bei, pita kwa mafundi wawili: mmoja wa katikati ya jiji, mwingine wa karibu na unakoishi, iwe Igoma, Nyegezi, Buswelu au Kisesa. Uliza hivi: "Kaka, kioo cha modeli hii unacho? Orijino shilingi ngapi, kopi shilingi ngapi? Betri je? Na sistimu ya chaji?" Fundi mzuri hajali kujibu, maana anajua kesho utarudi kwake.

Sikiliza zaidi ya bei. Akisema "nakuagizia kutoka Dar", ujue kila ugonjwa wa simu hiyo utakukalisha siku kadhaa bila simu, na nauli ya mzigo iko juu yako. Tecno, Infinix, itel na Samsung za mfululizo wa A zina unafuu hapa kwa sababu ziko mikononi mwa watu wengi, hivyo vipuri vyake vinatembea. Simu ya kifahari ya miaka ya nyuma, yenye kioo kilichojipinda pembeni, inaweza kuwa rahisi kununua na ngumu kutibu.

Kuna jambo la vioo ambalo wengi hawaambiwi. Simu iliyotoka kiwandani na kioo cha AMOLED inaweza kufungwa kioo cha kopi cha aina nyingine, cha bei nafuu, na ikawaka vizuri tu. Lakini kama modeli hiyo inasoma alama ya kidole chini ya kioo, kopi ya aina hiyo huua kabisa usomaji wa kidole, kwa sababu kihisi kilicho chini yake hakiwezi kusoma kupitia kioo hicho. Muuzaji akikwambia "fingaprinti ya hii huwa inasumbua, tumia patani", jua kwamba huenda kioo si cha kwake. Uliza bei ya kioo halisi na uihesabu kana kwamba unainunua leo.

Piga hesabu namna hii. Tuseme simu ya kwanza inauzwa laki tatu na kioo chake ni elfu sabini. Ya pili inauzwa laki mbili na themanini, kioo chake laki moja na nusu. Ya pili ndiyo ghali. Mpaka wangu mimi ni theluthi: kioo kikizidi theluthi ya bei ya simu, naiacha, hata iwe nzuri namna gani.

Hatua ya 2: Jua mali ni ya nani

Ukipita Makoroboi au ukishuka Barabara ya Nyerere, anayekuita na kukushika mkono mara nyingi si mwenye simu. Ni winga. Anachukua simu kwenye fremu ya mtu mwingine, anaongeza chake juu, anakuuzia. Si kosa, ni kazi kama kazi nyingine. Tatizo linakuja kwenye waranti: winga akikuahidi mwezi mmoja, anaahidi mali isiyo yake. Kesho yuko mtaa mwingine, na mwenye fremu anasema hakujui.

Dawa ni swali moja la heshima: "Kaka, simu hii ni ya fremu ipi? Twende wote." Mlipe winga chake, lakini karatasi iandikwe na mwenye mali, mahali penye mlango unaofungwa na kufunguliwa kila siku. Winga akikataa kukupeleka, usinunue.

Fundi anayeuza simu ana uzuri wake, kwa kuwa waranti yake ni mikono yake mwenyewe. Angalia tu kama simu anayokuuzia haikuungwa kutoka kwenye simu tatu zilizokufa. Mtu binafsi anayeuza simu yake aliyoitumia hana waranti ya kukupa, ila ana kitu cha thamani zaidi: historia. Mwombe boksi, risiti ya siku alipoinunua, na picha za zamani zenye tarehe alizopiga kwa simu hiyo. Aliyekaa nayo kweli huwa navyo angalau viwili kati ya hivyo.

Fikiria pia umbali. Waranti ya siku saba kwa mtu wa Ukerewe ni kama haipo, maana akifika Nansio na simu ikazima, nauli ya kurudi mjini na siku mbili za kazi zimeshapotea. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, lakini bado ni safari. Ukitoka kisiwani au wilayani, nunua siku ya kwanza ya safari yako, usinunue saa moja kabla ya meli. Itumie simu kwa nguvu usiku huo na kesho yake ukiwa bado mjini: piga, washa data, ichaji, ipige jua. Ikikataa, muuzaji yuko mita chache.

Hatua ya 3: IMEI

IMEI ni namba ya utambulisho wa kila simu. Bonyeza *#06#. Namba yenye tarakimu 15 itatokea, na simu ya laini mbili itatoa mbili. Zilinganishe na za kwenye boksi, na za kwenye stika ya nyuma kama ipo. Kisha itume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Majibu yatakuja na aina ya simu inayohusika na namba hiyo. Ikisema ni aina nyingine kabisa na uliyoishika, au namba haitambuliki, rudisha simu mezani.

Tarehe 17 Juni 2016 TCRA ilizima simu zenye IMEI bandia nchi nzima, na tangu hapo kuna mfumo wa kufungia simu iliyoripotiwa kuibwa: mwenyewe anapata RB (namba ya ripoti) polisi, anaipeleka kwa kampuni ya mtandao, IMEI inafungwa. Kwa hiyo simu ya wizi inaweza kufanya kazi leo na kufa wiki ijayo. Kubadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Mtu anayekunong'oneza kwamba "IMEI tunaweza kurekebisha" anakuingiza kwenye kesi.

Hatua ya 4: Kufuli tatu

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu simu iliyofungwa haina fundi wa kweli, na waranti ya kawaida hailitaji jambo hilo.

Kufuli la kwanza ni akaunti ya mwenye zamani. Android tangu toleo la 5.1 hudai akaunti ya Google iliyokuwepo ikiwa simu imefutwa kwa njia isiyo halali, na iPhone inadai akaunti ya Apple ya mwenyewe. Namna ya kuthibitisha ni moja tu: muuzaji aondoe akaunti mbele yako, kisha aifute simu irudi hali ya kiwandani kupitia mipangilio, si kwa kubana vitufe. Ikiwaka upya, wewe mwenyewe uianzishe kwa data au waifai mpaka ufike ukurasa wa mwanzo. Ikikuomba akaunti ya mtu usiyemjua, mazungumzo yameishia hapo. Kuna mafundi wanaoruka kufuli hilo kwa kompyuta. Usikubali, kwa sababu simu iliyorukwa inaweza kujifunga tena ukiisasisha au ukiifuta.

La pili ni kufuli la mtandao. Simu nyingi zinazoingia nchini kutoka Marekani zilifungwa zitumie kampuni moja ya huko. Kwenye iPhone, ukurasa wa taarifa za simu unaonyesha kama kuna kizuizi cha laini. Kwa simu yoyote ile, weka laini yako mwenyewe, na kama ina nafasi mbili, jaribu zote. Ukiona kijichipu chembamba kimebandikwa chini ya laini, hiyo ni simu iliyofungwa inayodanganywa kwa muda.

La tatu ndilo linaloumiza watu sana siku hizi: simu ya mkopo. Mtu anachukua simu mpya kwa kulipa kidogokidogo kila siku au kila wiki, analipa mara chache, kisha anaiuza kama yake. Kufuli la kampuni ya mkopo limeingizwa ndani kabisa ya simu. Kwenye Samsung hutumika mfumo uitwao Knox Guard, ambao kuifuta simu hakuuondoi. Siku malipo yanapokatika, skrini inajaa ujumbe wa deni. Umenunua kwa hela yako taslimu, umebaki na kioo kinachokudai.

Unalionaje mapema? Wakati wa kuianzisha simu upya ikiwa kwenye intaneti, soma kila ukurasa taratibu na utafute maneno yanayosema kifaa hiki kinasimamiwa na kampuni. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, uangalie orodha ya programu zenye mamlaka ya usimamizi wa kifaa, kama kuna usiyoweza kuizima. Kisha muulize muuzaji waziwazi: "Simu hii ilinunuliwa taslimu au kwa mkopo?" Akisema ilikuwa ya mkopo na imeisha, aonyeshe ujumbe wa kumaliza deni. Wengine wanajibu haraka mno, wengine wanakasirika. Mwenye haki yake huwa anafungua simu na kukuonyesha.

Kwa sababu ya kufuli hili, waranti ya siku tatu au wiki moja haitoshi. Muuzaji mjanja anaweza kulipa awamu ya wiki, akauza simu, ikakaa kimya mpaka siku zako ziishe. Tutarudi kwenye hilo tukiandika.

Hatua ya 5: Maji, na mikono ya mafundi waliopita

Sisi ni watu wa ziwa. Simu nyingi zinazouzwa hapa zimewahi kushinda mwaloni Kirumba, zimelala kwenye mtumbwi wa dagaa, zimevushwa kwenye kivuko zikiwa kwenye mfuko wa koti lenye mvua. Maji ni moja ya sababu kubwa za waranti kukataliwa, ya kampuni na ya dukani pia. Kwa hiyo dalili za maji zitafute wewe kabla muuzaji hajazitafuta kwako.

Toa kitreyi cha laini. Kwenye iPhone na Samsung nyingi kuna kialama kidogo ndani, cheupe kikiwa kikavu, na kikiguswa na maji kinageuka chekundu. Mulika ndani kwa tochi ya simu yako na upige picha. Mulika pia tundu la chaji uone kama kuna ukungu mweupe au kutu ya kijani kwenye meno ya shaba. Angalia lenzi ya kamera kama ina mvuke kwa ndani. Piga wimbo kwa sauti ya juu: spika iliyokunywa maji hutoa sauti kama imefunikwa kitambaa.

Kuna wauzaji wanaosema maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kwa hiyo hayadhuru. Hayana chumvi ya bahari, ni kweli, lakini yana madini, na penye umeme na maji ya madini shaba inaliwa. Kinachosumbua ni kwamba hailiwi siku moja. Simu inaanikwa, inawaka, inauzwa, na wiki chache baadaye inaanza kujizima au kukataa chaji. Mchele nao hausaidii. Apple wenyewe wanaonya kuwa chembechembe zake zinaweza kuiharibu simu zaidi. Na lile neno la "hii haiingizi maji, ina IP68" lilikuwa kweli siku simu ilipotoka kiwandani. Ikishafunguliwa na fundi ile gundi ya pembeni haipo tena.

Kufunguliwa kwenyewe si dhambi. Simu iliyobadilishwa betri kwa kipuri kizuri inaweza kuwa bora kuliko ambayo haijaguswa. Unachotaka ni ukweli, kwa sababu unaingia kwenye bei. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kioo na mfuniko usikie kama kuna mwanya. Tazama vichwa vya skrubu kama vimekwaruzwa. Kwenye iPhone za karibuni, ukurasa wa taarifa za simu huorodhesha vipuri vilivyobadilishwa na kusema kama ni halisi au havijulikani. iPhone 8 na za nyuma yake, zenye kitufe cha nyumbani kinachosoma kidole, zikibadilishwa kitufe kwa fundi wa kawaida kidole hakisomi tena kabisa, kwa sababu kitufe kimefungwa na bodi yake ya mwanzo. Uso kwenye iPhone mpya zaidi nao hufungwa hivyohivyo, na matengenezo yake si ya kila fundi.

Betri ijaribu kwa kuitumia. Kwenye iPhone kuna asilimia ya afya ya betri. Chini ya 80, hesabu betri mpya juu ya bei. Kwenye Android, andika asilimia iliyopo, weka mwanga wa juu, cheza video kwa data dakika kumi na tano. Ikishuka zaidi ya asilimia tano au sita, au mgongo ukawa moto wa kukera, betri inaomba kupumzika. Kioo kilichonyanyuka kidogo katikati ni betri iliyovimba. Hiyo usiibonyeze, iache.

Mengine ni ya haraka: piga simu na umwombe unayempigia akwambie anavyokusikia, rekodi sauti, jaribu kamera zote, vuta kijipicha cha programu kwa kidole pole pole kupita kila kona ya kioo ili uone kama tachi inakatika mahali. Samsung nyingi zina ukurasa wa majaribio ukibonyeza *#0*#. Fungua picha nyeupe tupu uone kama kuna vivuli vya maandishi yaliyogandia.

Hatua ya 6: Je, waranti ya kampuni bado ipo?

Simu ya miezi michache inaweza kuwa bado na waranti ya kiwandani, na hiyo inasafiri na simu, si na mtu. Tecno, Infinix na itel huhudumiwa na Carlcare, na programu yao husoma hali ya waranti ya simu yenyewe. iPhone huangaliwa kwa serial namba yake kwenye tovuti ya Apple. Boksi, kadi na risiti ya kwanza vichukue vyote. Bila risiti, mara nyingine tarehe huhesabiwa tangu simu ilipowashwa mara ya kwanza au hata ilipotoka kiwandani.

Usiitegemee kupita kiasi. Inahusu kasoro za kiwandani. Haihusu kioo kilichopasuka, maji, wala simu iliyokwisha kufunguliwa na fundi wa nje. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukataliwa hapa. Apple haina duka lake lenyewe Tanzania, hivyo simu "ya Dubai yenye waranti ya Apple" iulizie ni nani hapa nchini atakayeipokea, na wapi.

Hatua ya 7: Andikeni waranti

Neno "waranti mwezi" halina maana mpaka lijibu maswali manne: inahusu nini, kwa siku ngapi, ikiharibika inafanywa nini, na nani analipa kipuri. Nimeona karatasi nyingi zenye mhuri mzuri na zisizojibu hata moja. "Waranti ya bodi tu" maana yake sistimu ya chaji, spika na maiki ni juu yako. "Hatupokei mali iliyouzwa" ikiwa imechapwa chini ya risiti inagongana na ahadi ya mdomoni, na siku ya ubishi karatasi ndiyo itakayosomwa.

Siku zihesabu kwa magonjwa yenyewe. Kufuli la akaunti linaonekana siku hiyohiyo. Betri mbovu, ndani ya wiki. Kutu ya maji na kufuli la mkopo vinaweza kuchukua mwezi. Ndiyo maana siku 30 ndicho kiwango cha chini ninachoshauri, na kufungwa kwa simu kusiwe na ukomo wa siku kabisa. Hilo la mwisho si upendeleo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kwamba anayeuza ana haki ya kuuza, isipokuwa mazingira ya mauzo yenyewe yaonyeshe vingine. Simu ya wizi au ya deni hakuwa nayo haki hiyo, iwe siku ya kumi au ya mia.

Andiko linaweza kuwa fupi namna hii. Lichukue, ujaze:

*Leo tarehe ……, mimi ……, mwenye duka/fremu …… iliyopo ……, namba ya simu ……, nimemuuzia …… simu aina ya ……, IMEI …… na ……, kwa shilingi ……. Simu ni mali yangu halali, si ya wizi, haina deni la mkopo wala akaunti ya mtu mwingine. Nimemweleza kuwa imewahi kubadilishwa: ……. Kwa siku …… kuanzia leo nitawajibika iwapo itakataa kuchaji, kushika mtandao, kutoa au kupokea sauti, tachi ikikatika, au ikijizima yenyewe. Nitaitengeneza kwa gharama yangu, kipuri na ufundi, ndani ya siku ……. Nikishindwa nitampa nyingine ya thamani ileile au nitarudisha fedha yote. Kioo kupasuka na maji kuingia baada ya leo si juu yangu. Simu ikifungwa kwa sababu ya wizi, mkopo au akaunti ya zamani, nitarudisha fedha yote wakati wowote.*

Sahihi mbili, shahidi mmoja, nakala mbili. Muuzaji anaweza kupunguza siku au kukataa kurudisha fedha na kubaki na kubadilisha tu. Hayo ni mapatano, na bei ishuke kulingana nayo. Asichoruhusiwa kukataa ni mstari wa wizi na mkopo. Akiukataa huo, amekwambia kila ulichotaka kujua.

Angalia pia stika ya waranti. Wauzaji wengi hubandika kijistika juu ya skrubu au kwenye ukingo, na ikichanika waranti imekufa. Kava ya mpira inaweza kuisugua mpaka ikatoka. Ipige picha siku hiyo, na mwombe aibandike mahali ambapo kava haigusi. Picha ya kile kialama cha maji kikiwa cheupe nayo iwe na tarehe ya leo, ili mwezi ujao asikwambie maji umeingiza wewe, au wewe usimsingizie yeye.

Hatua ya 8: Lipa kwa njia yenye kumbukumbu

Lipa kwa M-Pesa, Airtel Money au lipa namba ya duka. Jina linalotokea kwenye muamala lilingane na lililo kwenye karatasi. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) kama ni duka, maana sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Ukilipa taslimu, kiasi kiandikwe kwenye andiko kwa tarakimu na kwa maneno.

Kisha siku zako za waranti zitumie kwa makusudi. Usiiweke simu kabatini ukisubiri sikukuu. Ibebe, ichaji usiku kucha mara moja moja, piga simu ndefu, tembea nayo kutoka mjini mpaka pembezoni uone inavyoshika mtandao. Ugonjwa ukiwepo utokee sasa, wakati gharama bado ni ya muuzaji.

Hatua ya 9: Ikiharibika ndani ya waranti

Usiipeleke kwa fundi mwingine hata kama ni rafiki yako na hata kama kazi ni ya dakika tano. Ikishafunguliwa, muuzaji ana sababu ya kunawa mikono. Mjulishe kwanza kwa ujumbe wa maandishi, siku hiyohiyo, ukieleza tatizo. Ujumbe huo unaweka tarehe, hata kama utafika dukani kesho kutwa kwa sababu ya meli.

Kabla ya kuiacha, hamisha picha na namba zako, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na ondoa programu za benki na za kutuma fedha. Fundi hahitaji namba yako ya siri ya M-Pesa kwa kazi yoyote ile. Acha IMEI ikiwa imeandikwa kwenye karatasi ya kupokelea, ili simu itakayorudi iwe ileile yenye bodi ileile. Ukipewa simu nyingine, andiko jipya lenye IMEI mpya liandikwe papo hapo, na mkubaliane kama siku zinaanza upya au zinaendelea pale zilipofikia. Kipuri kilichobadilishwa, omba ukione.

Hatua ya 10: Akikugeuka

Rudi naye kwenye karatasi kwa utulivu, mbele ya watu. Wenye fremu wengi hulinda jina lao kwa majirani, na jambo huisha hapo. Lisipoisha, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ambako duka lipo anaweza kuwakutanisha. Kama simu ni ya wizi, au umeuziwa kwa jina la uongo, nenda polisi, uchukue RB, na simu usiendelee kuitumia wala kuiuza kwa mwingine. Simu bandia ni jambo la TCRA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia na udanganyifu kwa mlaji. Kudai fedha yako kwa mujibu wa makubaliano, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya namna hiyo.

Kokote utakakokwenda, beba andiko lenye sahihi, kumbukumbu ya muamala, risiti, picha za siku ya kununua, na ujumbe uliomtumia. Na kama ubishi ni juu ya maji, omba fundi ambaye hakuuza wala kununua aandike kwa mkono wake alichokikuta ndani: kutu ya zamani iliyokauka, au unyevu wa juzi.